UZI: Aurikula, primula ya mashindano. Maji ndo yanaiua, sio baridi

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam. Huu uzi nadaiwa muda mrefu, tangu nilipoweka ile picha kwenye uzi wa bustani watu wakasema hilo ua la plastiki. Si plastiki. Ni ua la kweli kabisa, linaitwa aurikula, ukoo wake ni primula, na nimelikuza kwa mkono wangu kwenye kiuwanja cha saruji nyuma ya nyumba huku kaskazini mwa Uingereza, si mbali na Manchester. Mi ni mtu wa Lushoto, nimekulia kwenye baridi na ukungu, labda ndo maana tumeelewana nalo.

Kwa wasioliona ile picha naomba mfikirie kanga. Kanga ina pindo na ina mji, si ndio? Sasa hili ua nalo limepangwa hivyo hivyo ila kwa duara. Katikati kabisa kuna kitundu cha njano. Kitundu kimezungukwa na duara jeupe pee, na ukilisogelea unaona ule weupe ni unga, umetulia juu ya petali kama chokaa iliyopakwa jana. Baada ya hapo linakuja duara jeusi tii, jeusi la mahameli, halafu nje kabisa ndo pindo lenyewe, la kijani au la kijivu au jeupe. Ua moja ni dogo, unaweza kulifunika kwa sarafu, ila yanakaa mengi pamoja kwenye kishada kimoja juu ya bua moja na yote yanatazama upande wako.

Hilo pindo la kijani ndo linalowatoa watu macho, kwa sababu si rangi ya ua hata kidogo, ni jani. Ukingo wa petali umegeuka ukawa nyama ya jani. Lilijitokeza lenyewe huku Uingereza karne ya 18, wakulima wakaliona, wakalitenga, wakalizalisha mpaka leo. Na pindo la kijivu na jeupe ni kijani hicho hicho ila limefunikwa unga, ukiwa kiasi linaonekana la kijivu, ukizidi ndo linakuwa jeupe.

Mzee jirani yangu, mstaafu, ndo aliyenipa la kwanza. Kichipukizi kimoja chenye majani matatu kwenye kikopo cha mtindi. Akaniambia usilimwagie maji juu, wala usilionee huruma. La kwanza nililielewa siku hiyo hiyo, la pili lilinichukua miaka miwili na mimea mitano iliyooza.

Nitaendelea jioni, nawahi shifti.

#2 Mchangiaji, Leicester

Mkuu asante kwa uzi. Swali, hizi primrose za supamaketi zinazojaa mlangoni kuanzia mwezi wa kwanza, nyekundu, njano, bluu, ndo hizo hizo? Maana mi nanunua kila mwaka na kila mwaka zinakufa

#3 Mleta uzi

Ukoo mmoja, nyumba tofauti. Hizo za supamaketi asili yake ni primrose ya porini ya huku, ile ya njano mpauko inayoota kwenye miteremko na chini ya miti, wataalamu wanaiita Primula vulgaris. Ukiichanganya na binamu yake anayeota kwenye majani ya malisho, Primula veris, ndo unapata zile zenye maua mengi juu ya bua moja, polianthasi. Na polianthasi nayo ina tawi la mashindano, lina petali nyeusi au nyekundu iliyoiva halafu kila petali imetariziwa uzi wa dhahabu kuzunguka ukingo mzima. Ukiliona mara ya kwanza utasema mtu amekaa na kalamu. Nalo ni la kale, lina zaidi ya miaka mia mbili.

Aurikula yenyewe ni ya milima ya Alps. Kule porini ni ya njano, inaota kwenye nyufa za mawe. Ikakutana na primula nyingine ya mlima yenye rangi ya waridi, Primula hirsuta, zikazaa mchanganyiko, na hizi zetu zote za rangi zimetoka humo. Mtaalamu wa mimea Clusius alikuwa anazikuza Vienna karne ya 16, na kutoka huko zikasambaa bustani za Ulaya.

Zako dada zinakufa kwa sababu zimekuzwa kwenye joto la kitalu kisha ukaziweka juu ya rejeta ya kupasha joto sebuleni. Zitoe nje. Hazitaki sebule kabisa.

#4 Mchangiaji, Munich

Nathibitisha, nimeziona kwa macho yangu juu mlimani mwezi wa tano, njano kwenye jabali na theluji bado iko hatua chache pembeni. Na mliopo Ulaya kama mna sarafu ya senti 5 ya Austria igeuzeni, hilo ua lililochorwa nyuma ni primula ya Alps.

#5 Mleta uzi

Asante mkuu, hiyo ya senti sikuwa naijua, nimeenda kupekua kopo la chenji na imo! Na hapo kwenye jabali umenisaidia kufika kwenye jambo lenyewe.

Jabali. Fikirieni mmea unaoishi kwenye ufa wa jiwe. Mvua ikinyesha maji yanapita yanaenda zake, mizizi haikai kwenye tope hata saa moja. Miezi ya baridi umefunikwa na theluji, umekauka, umelala. Jua likitoka hewa bado ni ya baridi. Sasa sisi tunauchukua mmea wa namna hiyo tunauweka kwenye udongo mweusi wa mfuko, tunaumwagilia kila asubuhi kama mchicha, halafu ukianza kulegea tunaongeza maji kwa sababu tunadhani una kiu. Mimea yangu mitano nimeiua hivyo hivyo. Majani yanalegea, unaongeza, yanalegea zaidi, siku unaing'oa unakuta shina la chini, lile nene kama karoti, limegeuka kahawia na linanuka. Mmea ulikuwa unazama na mi nikawa nazidi kuuzamisha.

Baridi haina shida nao. Kwangu imefika chini ya sifuri, chungu kimeganda jiwe, asubuhi jua limepiga na mmea uko vilevile. Ila uwe mkavu. Baridi pamoja na maji ndo mauti.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Udongo nachanganya mwenyewe, nusu udongo tifutifu uliochekechwa, robo mboji ya majani, robo changarawe ndogo yenye ncha kali, na juu ya chungu naweka tena tabaka la changarawe ili shingo ya mmea isiguse unyevu. Vyungu vidogo, sentimita 9, si vikubwa, chungu kikubwa kinabaki na maji ambayo mizizi haijayafikia. Kuanzia mwezi wa 11 naacha kumwagilia karibu kabisa, majani ya nje yanakuwa manjano yanakufa na mmea unajikunja kuwa kama kitunguu. Usiogope. Kazi yako ni kutoa yale majani yaliyokufa kila wiki kabla ukungu wa kijivu haujayashika. Mwezi wa pili moyo wa katikati unaanza kufunguka, hapo ndo narudisha maji, kidogo kidogo, naweka na mbolea ya maji yenye potasi nyingi ila nusu ya kipimo cha kwenye chupa. Mwezi wa nne ua. Baada ya hapo kivulini, upande wa kaskazini wa ukuta, mpaka joto lipite. Jua la mwezi wa saba linaiua haraka kuliko theluji.

Zamani walikuwa na mapishi yao ya udongo ya ajabu. Kuna mkulima mmoja wa Barnet, Isaac Emmerton, mwaka 1815 alichapisha la kwake, mavi ya bata bukini yaliyolowekwa kwenye damu ya ng'ombe, pamoja na povu la wachemsha sukari. Watu walifuata kweli. Mimea ilikuwa inanenepa kisha inaoza, na mi nawaelewa kabisa kwa sababu walikuwa wanaipenda na walitaka kuipa kila kitu.

#6 Mchangiaji, Limuru

Sasa mleta uzi, huku kwetu Limuru kuna baridi ya kutosha, asubuhi za Julai unaona pumzi yako. Naeza panda hizi? Na mbegu natoa wapi

#7 Mleta uzi

Ndugu yangu nitakuambia ukweli. Baridi ya Limuru ni nzuri, ila aurikula inataka zaidi ya baridi, inataka msimu wa kulala, ile miezi ya kukauka na usiku mrefu halafu mwanga unaorudi taratibu. Kwenu jua linachomoza karibu saa ile ile mwaka mzima na masika inanyesha moja kwa moja. Nisingekushauri uanze na aurikula za maonyesho. Anza na polianthasi, chini ya kivuli, udongo usiotuamisha maji. Mbegu ukiagiza nje hakikisha una kibali cha KEPHIS, wale wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya, kabla haijasafirishwa.

Ukikuta Primula obconica kwenye kitalu cha maua, ile ya maua makubwa ya rangi ya zambarau mpauko, vaa glavu. Majani yake ya aina za zamani yana kemikali inayowasha ngozi, kuna watu wanavimba mikono.

Na kwa wanaouliza kama Afrika kuna primula yetu, iko. Primula simensis, ya milima ya Ethiopia, ya njano, yenye unga kwenye majani, inaota kwenye majabali yenye maji yanayochuruzika. Ndo iliyo karibu zaidi na kwetu.

Mi mwenyewe nikiwaza Lushoto nawaza ua jingine, lile la zambarau la Usambara ambalo Wajerumani walilipeleka kwao miaka ya 1890 na leo Marekani kuna chama chake tangu 1946 na mashindano yake. Watoto tulikuwa tunalipita njiani. Nikiwaona wazee wa huku wanavyoinama kwenye aurikula kwa lenzi nakumbuka kwamba kuna mtu mahali fulani anainama hivyo hivyo kwa ua la kwetu.

#8 Mchangiaji, Dar

Mkuu hebu twende kwenye mashindano sasa, huyo jaji anaangalia nini? Ua ni ua

#9 Mleta uzi

Hapana mkuu, ndo hapo penyewe.

Haya mambo hayakuanzishwa na matajiri peke yao. Karne ya 18 na 19 huku Lancashire na Cheshire waliokuwa wanakuza aurikula ni wafumaji, watu wa kitanda cha mfumi nyumbani, ule mtambo wa kufumia kitambaa. Kazi iko ndani ya nyumba, mmea uko dirishani au uani, mvua ikianza mtu anatoka mbio kuufunika anarudi kwenye kitambaa chake. Walikuwa wanakutana kwenye baa, meza inapangwa maua, na zawadi ya kwanza mara nyingi ilikuwa birika la shaba. Kuna aurikula yenye pindo inaitwa Lancashire Hero, ni ya enzi hizo hizo za karne ya 19. Vyama vya kitaifa vya aurikula vilianzishwa miaka ya 1870 na vipo mpaka leo, na maonyesho ni kila mwaka, kusini wanatangulia, kaskazini sisi ni mwisho wa mwezi wa nne kuelekea wa tano.

Jaji anaangalia kwanza kitundu cha katikati. Humo ndani kuna mambo mawili, ama utaona vichwa vya chavua vimejaa mdomoni kama kishungi, ama utaona kitu kimoja tu kimesimama katikati kama kichwa cha pini. Wenye kishungi ndo wanaoruhusiwa. Wenye pini hawatazamwi hata ua liwe zuri kiasi gani. Jina la Kiingereza la hicho kishungi, thrum, ni neno la wafumaji, zile ncha za nyuzi zinazobaki kwenye kitanda baada ya kukata kitambaa. Darwin ndo aliyeeleza mwaka 1862 kwanini kuna aina mbili. Pini na kishungi zinahitajiana, chavua ya hii inazaa vizuri kwa ile, ni njia ya mmea kutojioa wenyewe.

Akishavuka hapo anapima upana. Kitundu, duara jeupe, duara la rangi, pindo, vyote vikaribiane upana. Duara jeupe liwe duara kweli, lisiwe na ufa. Rangi nyeusi isipenye mpaka nje ya pindo. Ua liwe bapa, lisijikunje kama kikombe. Kishada kiwe kimejaa bila maua kukaliana. Na unga, unga usiguswe. Alama ya kidole inaonekana hatua mbili.

Sio zote zina pindo. Kuna za rangi moja tupu zenye duara jeupe katikati, nyekundu pyu au njano. Kuna zinazoitwa za Alps, hizo hazina unga kabisa, rangi yake inakoza ndani na kupauka kuelekea nje, na kati yake ni dhahabu au maziwa. Kuna za petali nyingi kama waridi, kuna za mistari.

Nilipeleka mara ya kwanza mmea niliouotesha mwenyewe kwa mbegu, miaka miwili nimeungoja utoe ua. Pindo la kijani safi, nyeusi safi. Mzee jirani akauangalia jikoni kwangu, akanyamaza muda, akasema mzuri sana, umeangalia jicho, kile kitundu? Sikuwa nimeangalia. Ilikuwa pini. Nikaupeleka tu, jaji akapita, hakuandika kitu. Niliumia. Ila hiyo ndo sheria, na kwa kweli ukishazoea ua la kishungi, kitundu kimejaa dhahabu, ukirudi kwenye pini unaona tundu tupu.

Mwaka wa pili nilipeleka aina inayoitwa Chloe, pindo la kijani, kutoka kwa mzee. Wiki nzima nimeipanga, vipamba vidogo katikati ya vikonyo ili maua yasikaliane, brashi laini ya kuchorea, jioni kabla ya siku nikavitoa kimoja kimoja kwa kibano maana pamba ikibaki umetoka. Nikasafiri nayo kwenye boksi lenye mashimo. Nimefika, nimefungua mlango wa gari, kutoka gari mpaka ukumbi ni hatua kama ishirini na mawingu yalikuwa juu. Tone moja. Tone moja la mvua lilidondoka kwenye ua la pili kushoto, likabingirika juu ya lile duara jeupe likaacha njia, kama chozi kwenye uso wenye poda. Unga ukitoka haurudi. Nilisimama pale mlangoni na boksi mkononi sijui niingie au nigeuze.

#10 Mchangiaji, Leicester

Ukafanyaje??

#11 Mleta uzi

Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima pale mlangoni, anaonyesha tangu ujana wake. Akatazama, akaniuliza una maua mangapi kwenye kishada, nikasema tisa. Akatoa mkasi mdogo wa kucha akakata lile ua moja kwenye kikonyo, akageuza chungu robo mzunguko, pengo likaangalia nyuma. Akasema weka mezani. Nikapata ya tatu, kwenye kundi la wanaoanza. Kadi ninayo ukutani.

#12 Mchangiaji, Toronto

Uzi mzuri sana kaka. Mi zangu majani yana mapengo ukingoni kama yamekatwa na mashine ya tiketi, halafu mmea mmoja nimeushika ukang'oka wote mkononi hauna mizizi. Tatizo nini

#13 Mleta uzi

Pole sana, huyo ni fukusi. Si yule wa mahindi, huyu ni mweusi, mkubwa kama punje ya mchele nono, anakula majani usiku. Wote ni majike, hawahitaji dume kutaga, na hawaruki, wanapanda kwa miguu. Yeye mwenyewe si tatizo sana, tatizo ni watoto wake, mabuu meupe yenye kichwa cha kahawia yaliyojikunja kama mkono wa kikombe, wanakula mizizi mpaka kwenye ile karoti. Ukiona pengo moja kwenye jani usingoje. Toka usiku na tochi uwaokote. Halafu mwisho wa kiangazi mwagia nematodi, vile viminyoo vya dukani visivyoonekana kwa macho, vinaingia ndani ya buu vinamuua, udongo usiwe wa baridi sana wakati unamwaga. Na mmea uliong'oka usitupe! Kata sehemu iliyooza mpaka uone weupe safi, ipake mkaa wa kusaga, uchomeke kwenye changarawe tupu yenye unyevu mdogo kivulini. Nimeokoa miwili hivyo.

Ukibadilisha udongo ukakuta kitu kama pamba nyeupe kwenye mizizi, hao ni vidukari, osha mizizi yote, badilisha udongo wote.

#14 Mchangiaji, Dar

Na nikija huko mwakani nizione wapi bila kusubiri mashindano?

#15 Mleta uzi

Nenda Calke Abbey, jumba la kale lenye bustani huko Derbyshire, kuanzia mwezi wa nne. Wana jukwaa la zamani la aurikula, rafu zimepanda kama ngazi ndani ya kibanda chenye paa, vyungu vimepangwa safu safu, mvua haifiki. Karne ya 19 hiyo. Simama katikati, usiende karibu kwanza.

Anayetaka kuanza asianze na zenye pindo. Anunue za Alps, Sirius au Argus, zinavumilia makosa na zinazaa vichipukizi kwa wingi. Pindo la kijani mara nyingi hutoa vichipukizi vichache, na kwa mbegu hupati mama yake, kila aina yenye jina ni mmea mmoja uliogawanywa mkono kwa mkono tangu siku ya kwanza, kama migomba. Ndo maana ni ghali.

#16 Mleta uzi, MREJESHO

Wakuu, mwezi wa sita sasa. Nimebadilisha udongo vyungu vyote wikiendi hii, thelathini na moja. Mzee jirani magoti yamekataa kuinama kwa hiyo na vyake nimefanya mimi, yeye kakaa kwenye kiti ananielekeza. Chloe yake, ile mama, karoti ilikuwa imerefuka sana, nimekata nusu. Ubavuni ilikuwa na vichipukizi viwili, kimoja kina mzizi wake tayari, cha pili hakina hata kimoja. Chenye mzizi nimekibakiza kwake. Kisicho na mzizi kiko kwenye changarawe kivulini kwangu, nimekifunika na nusu ya chupa ya maji, leo siku ya nne na jani la katikati bado limesimama.